Nani Ameshika Orodha?

Barua ya wazi kwa wakuu wa mashirika ya misaada ya kibinadamu yanayofanya kazi katika Kanda ya Maziwa Makuu, na kwa serikali zinazoyafadhili. Nakala kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Tanzania.

YAH: MGAO, ORODHA ZAKE NA WANAOZISHIKA

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka Mwanza, mahali reli inapokutana na maji. Gunia la mahindi likipakiwa kwenye behewa Dar es Salaam, hapa linaweza kuingia melini na kuvuka ziwa hadi Port Bell, Uganda, au kupanda lori kupitia Sengerema na Biharamulo hadi Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi. Pale Mwaloni, Kirumba, wachuuzi hufunga dagaa na kayabo (sangara wakavu wa chumvi) kwenye magunia yenye safari ndefu, mengi yakielekea Kongo. Mji wa namna hii hausubiri taarifa ya habari kujua kwamba jirani ana vita. Unajua siku mteja wa Kongo anapoacha kuja.

Kwa hiyo watu wa kanda hii wanazungumza nanyi kama wenzenu wa kazi. Kwa zaidi ya miaka 30 misaada imepita mikononi mwao. Wameishusha kwenye mabehewa Isaka na Mwanza, wameilinda usiku kwenye maghala, wameiendesha kwenye vumbi la Biharamulo, na wamewahi kuiona ikiuzwa gulioni siku chache baada ya kugawiwa. Waliyojifunza katika miaka hiyo yote yanaingia katika swali moja ambalo ripoti zenu hulizunguka bila kulijibu: nani ameshika orodha?

Alhamisi ya tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, wilayani Ngara. Kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), katika muda wa saa 24 hivi walivuka takriban watu 250,000. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na maji yale yanaishia Ziwa Victoria. Upande wa Uganda, Kasensero na vijiji vya jirani, wavuvi waliacha nyavu zao wakawa wanaopoa maiti. Maelfu walizikwa ufukweni, na makaburi ya kumbukumbu yapo hadi leo Kasensero, Lambu na Ggolo.

Wengi wa waliovuka Rusumo siku ile hawakuwa manusura wa mauaji. Walikuwa wakikimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likisonga mbele, na ndani ya umati ule, kati ya akina mama na watoto wasio na hatia, walikuwamo wauaji na viongozi waliowatuma. Walifikia mahali palipoitwa Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, penye bwawa dogo la maji. Kwa siku chache tu pakawa kambi kubwa kuliko zote duniani wakati huo.

Haki itendeke: mwanzo wa Benaco ulikuwa kazi nzuri, na wanaoisimulia Ngara kama aibu tupu wanakosea. Miezi sita kabla, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993 na mamia ya maelfu ya Warundi wakaingia Tanzania. Kwa sababu hiyo baadhi ya watumishi, magari na akiba ya chakula vilikuwa tayari karibu na mpaka. Serikali na UNHCR waliamua pia jambo ambalo leo linaonekana gumu kuliko kuchimba visima: walidhibiti idadi ya mashirika yanayoruhusiwa kuingia, na kila moja likapewa kazi yake.

Julai mwaka huohuo mambo yakaenda kinyume Goma, ng'ambo ya pili ya Rwanda. Watu wapatao 850,000 waliingia Zaire, yaani Kongo ya leo, kwa siku chache na kukaa juu ya mwamba wa volkano, ambako jembe haliingii na choo hakichimbiki. Mashirika zaidi ya 100 yalifika, mengine bila uzoefu wowote wa kipindupindu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Jiwe la Goma lina sehemu yake katika vifo vile, na idadi ya watu pia. Lakini tathmini ya pamoja ya wafadhili iliyotolewa mwaka 1996 ilionyesha wazi kwamba akiba iliyo karibu na utaratibu wa nani afanye nini viliokoa maisha Ngara. Ni tathmini hiyohiyo iliyosukuma kuandikwa kwa viwango vya Sphere, ambavyo watumishi wenu huvijua kwa moyo: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20.

Viwango hivyo vinapima maji, vinapima choo, vinapima paa. Mkono ulioandika majina haupimwi kwa lita.

Rwanda ya wakati ule ilikuwa nchi ya orodha. Kitambulisho cha mtu mzima kilionyesha kama ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na ofisi ya burugumesitiri, yaani mkuu wa komini, ilijua kaya zote za eneo lake. Mwaka 1994 ujuzi huo ulitumika kuwatafuta watu wa kuua, nyumba kwa nyumba. Wiki chache baadaye, huko Benaco, mashirika yalikuwa na robo milioni ya watu wa kulisha na hayakuwa na muda wa kuwaandikisha mmoja mmoja. Yakatafuta njia ya mkato. Watu walipangwa kambini kwa komini walizotoka, na viongozi wao wakaulizwa: watu wako wangapi? Jibu la kiongozi likawa ndiyo hesabu, na chakula kikapitia kwake.

Kila mtu aliyewahi kusimamia mgao, hata wa sherehe ya kijiji, anajua kilichofuata. Kiongozi aliyetaja watu wengi kuliko aliokuwa nao alibaki na ziada. Ziada iliuzwa, na fedha zake zikajenga utii. Mjane asiyekuwa na ndugu kwenye uongozi alipata kopo lisilojaa. Na aliyetaka kurudi nyumbani Rwanda alijua kwamba jina lake liko mikononi mwa mtu ambaye hataki arudi.

Mmoja wa wakubwa waliokuwa Benaco alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa burugumesitiri wa Murambi. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini, umati wenye marungu na mapanga uliwazingira wafanyakazi wa misaada, na mashirika yakalazimika kuwaondoa watu wao kwa muda. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2011 ilimpa kifungo cha maisha, na rufani ya mwaka 2012 ikakifanya miaka 40. Unga uliompa nguvu kambini ulikuwa umefika Ngara kwa nia njema kabisa.

Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) liliondoka kwenye kambi za Zaire Novemba 1994 na za Tanzania mwezi uliofuata, likisema haliwezi kuendelea kuwaimarisha wauaji. Matawi mengine ya MSF yalibaki kwa muda, yakisema wagonjwa hawana kosa. Pande zote mbili zilikuwa na watu waungwana, na mjadala wao bado unasomwa vyuoni. Kwa mtazamo wa kutoka ziwani, kosa lilikuwa limeshatendeka kabla ya swali la kubaki au kuondoka. Lilitendeka siku ya kwanza, kalamu ilipokabidhiwa kwa mtu aliyeiomba kwa sauti kubwa.

Msidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2023 Marekani na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walisimamisha msaada wa chakula Tigray, kisha Juni wakausimamisha Ethiopia nzima, baada ya kugundua kwamba chakula kingi kilikuwa kikichepushwa. Mageuzi makubwa yaliyodaiwa kabla ya kuendelea yalihusu nini? Orodha. Kazi ya kuandikisha na kuchagua wanaostahili ilikuwa imeachwa kwa kiasi kikubwa kwa viongozi wa serikali za mitaa, na sasa ikatakiwa irudi kwa mashirika yenyewe. Miaka 29 ilikuwa imepita tangu Benaco. Na wakati wakubwa wakijadiliana, aliyekosa chakula kwa miezi ni mama wa Tigray ambaye hakuiba hata punje.

Wala kuiingiza orodha kwenye kompyuta hakujalimaliza jambo. Siku hizi mkimbizi huweka kidole kwenye mashine, na picha yake inatokea kwenye kioo. Hilo limepunguza majina hewa, na ni vizuri kulisema. Lakini Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi taarifa za Warohingya zilizokusanywa Bangladesh kwa ajili ya kadi za msaada zilivyofika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Mtu aliyetoa kidole chake apate mchele alijikuta jina lake limevuka mpaka kabla yake. Kwa Mnyarwanda, Mrundi au Mkongo, ambaye wazazi wake waliwahi kutafutwa kwa majina, hofu hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Turudi nyumbani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Zaire. Waliozaliwa humo mwaka ule sasa wana watoto wao. Mwaka 2015 Warundi waliongezeka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wengi walifikia kwanza Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na meli kongwe ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma huku kipindupindu kikiwafuata. Kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya kuwapokea. Mtendeli imeshafungwa tangu 2021.

Katika kambi zilizobaki, mwaka 2023 mgao wa WFP ulishushwa hadi asilimia 65 ya mahitaji, na katikati ya mwaka ukashuka tena hadi asilimia 50. Kiwango kamili ni kalori 2,100 kwa siku, kwa hiyo nusu yake ni kama kalori 1,050. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukosefu wa fedha, na hakuna ubishi kwamba fedha zilipungua. Kinachouma ni kwamba uamuzi huo uliwakuta watu ambao njia nyingine zote zimefungwa. Kwa sheria zetu mkimbizi hatoki nje ya kambi bila kibali. Majaribio ya kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula yalianza Desemba 2016 na kusitishwa Agosti 2017. Kuanzia 2018 masoko ya pamoja, ambako mkimbizi na mwanakijiji walikuwa wakibadilishana mafuta kwa ndizi na unga kwa mboga, nayo yakafungwa.

Hapa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi inaombwa isome kwa utulivu, maana neno hili linatoka kwa raia wanaojivunia historia ya nchi yao. Tanzania ndiyo iliyowapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa kundi lililokimbia mwaka 1972. Hakuna nchi nyingi zinazoweza kusema hivyo. Nchi yenye moyo huo haikuhitaji kuogopa gulio la Jumamosi. Wanaouza muhogo Kasulu, Kibondo na Kakonko walipoteza wateja siku ileile wakimbizi walipopoteza mboga, na usalama uliotajwa kama sababu ungeweza kulindwa na polisi wawili na mtendaji wa kijiji anayejua sura za watu wake.

Kuna orodha nyingine ambayo wenyeji wa kanda hii hawakuwahi kuwamo, nayo ni ya waliolipa gharama. Mwanzoni mwa 1996 kambi za mkoa wa Kagera, ulipo Ngara, zilikuwa zikichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Vilima vya Ngara vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, na hifadhi za Burigi na Biharamulo zikaingiliwa na majangili. Mabadiliko ya maisha ya watu yanaonekana vizuri kwa bahati moja ya kipekee: tangu 1991 mkoa wa Kagera una utafiti wa kaya unaofuatilia zaidi ya familia 900 kwa miaka mingi, ulioanza kabla ya wakimbizi kuja na kuendelea baada ya wao kuondoka. Wachumi wameusoma kwa makini. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliona kwamba wakulima waliokuwa na mazao ya kuuza walinufaika, ila vibarua wa mashambani waliumia kwa sababu wakimbizi walikubali ujira mdogo. Javier Baez aligundua kwamba watoto wa wenyeji walioishi karibu na kambi walidhoofika kiafya. Ripoti zenu za wakati huo ziliwahesabu waliogawiwa. Mtoto wa kijiji jirani hakuwa kwenye jedwali.

Utafiti huo una habari njema pia, na inafaa kuisema kwa sauti kubwa kwenye vikao vyenu vya bajeti. Maystadt, safari hii akiwa na Gilles Duranton, alionyesha kwamba hali ya kiuchumi ya vijiji vilivyokuwa karibu na kambi iliendelea kuwa bora miaka mingi baada ya wakimbizi kurudi, na sababu kubwa ni barabara. Zilitengenezwa ili malori ya misaada yapite. Mahema yaliondoka, mashirika yakaondoka, bendera zikashushwa, barabara ikabaki, na mkulima wa Ngara akapeleka ndizi sokoni kwa nauli nafuu. Kama kuna shilingi moja ya misaada ya miaka ile isiyoweza kujutiwa, ni ile iliyolala chini ya magurudumu.

Jinsi wakimbizi wenyewe walivyoondoka ni jambo lingine. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali na UNHCR walitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walikimbilia ndani zaidi ya Tanzania, wakarudishwa na askari, na daraja la Rusumo likapitisha tena karibu watu nusu milioni, safari hii wakielekea upande wa pili. Mmoja mmoja hawakuulizwa. Waliingia kwa hesabu ya jumla, wakatoka kwa hesabu ya jumla.

Mzigo nao una orodha yake, inayoitwa hati ya shehena, na Mwanza inajua bei ya kuificha. Mwaka 2004 mtengeneza filamu wa Austria, Hubert Sauper, alitoa Darwin's Nightmare, iliyodai kwamba ndege zilizokuja uwanja wa Mwanza kuchukua minofu ya sangara zilikuwa zikileta silaha za vita vya jirani. Filamu ilifika hadi kwenye orodha ya wanaowania tuzo za Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imelichafua taifa. Ubishi ule haukuisha kwa ushahidi ulioridhisha pande zote, na jina la mji likabaki na doa. Kama shehena ya kila ndege ingekuwa imeandikwa mahali ambapo diwani, mwandishi wa habari au mvuvi anaweza kuisoma, ubishi ungekwisha kwa siku moja. Ndege na meli za misaada zinaposhusha na kupakia hapa, hati zao ziwe wazi vivyo hivyo.

Suala hilo lina uzito zaidi sasa. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma, uliokuwa mlango mkuu wa misaada ya Kongo mashariki, ukafungwa. Maghala ya WFP Bukavu yaliporwa takriban tani 7,000 za chakula. Meli ya mabehewa ya MV Umoja, inayofanya kazi ziwani hapa tangu miaka ya 1960, hubeba kama tani 1,200 kwa safari. Kilichoporwa Bukavu kingeijaza karibu mara sita. Na haya yalitokea wakati Marekani, iliyokuwa ikitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu Kongo, ilipokuwa ikilivunja shirika lake la USAID.

Fedha zikipungua namna hii, njia fupi na akiba ya karibu vinapanda thamani. Mwaka 2018 WFP na Shirika la Reli Tanzania waliifufua njia ya Dar es Salaam, Mwanza na Port Bell kwa treni na MV Umoja, baada ya njia hiyo kulala kwa miaka mingi, na gharama pamoja na muda wa safari vikapungua sana. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiyachelewesha malori ya kwenda Geita, Biharamulo na Ngara. Miundombinu ipo. Kinachosubiriwa ni uamuzi wenu wa kuweka akiba kando ya ziwa hili, upande wenye amani, badala ya kuilundika kwenye mji ambao bunduki zimeuzunguka na kisha kuhesabu hasara.

Na akiba hiyo inunuliwe wapi? Mahindi ya Tanzania mmeshayanunua kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na hilo liendelee. Swali ambalo wachuuzi wa Mwaloni wangependa lijibiwe ni la dagaa. Dagaa mkavu wa Ziwa Victoria hahitaji barafu, hukaa wiki nyingi akianikwa vizuri, huliwa na mifupa yake hivyo mtoto hupata protini na madini kwa pamoja, na watu wa Kongo, Rwanda na Burundi wanamjua na kumnunua kwa fedha zao. Mgao wa kambini kwa miaka mingi umekuwa unga, kunde au njegere za kuparaza, mafuta na chumvi. Njegere hizo mara nyingi zimevuka bahari, zikipita mita chache kutoka soko la samaki ambao Mkongo mwenyewe angewachagua. Masharti yenu ya ubora ni ya lazima, hakuna anayetaka mtoto mgonjwa apewe dagaa wenye mchanga. Basi yaandikeni kwa Kiswahili, yabandikeni Mwaloni, wafundisheni akina mama wanaoanika kwenye vichanja Ukerewe na Ukara, kisha nunueni kwa wanaofikia kiwango. Orodha ya wauzaji wenu nayo ni orodha, na kwa sasa jina la mama wa Ukara halimo.

Majina ya mashirika ya nyumbani yamo, lakini chini kabisa ya ukurasa. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ya kibinadamu ifike kwa mashirika ya nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka ulifika, robo haikufika. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania na mashirika kama REDESO yamefanya kazi kwenye kambi za magharibi kwa miaka mingi, mara nyingi kama wakandarasi wa wakandarasi, wakipokea bajeti iliyokwisha kukatwa mara mbili njiani. Siku wafadhili wanapofunga ofisi kwa barua pepe, wanaobaki kueleza watu kwa nini hakuna sabuni ni hao.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ombi la barua hii ni dogo kwa maneno na zito kwa utekelezaji. Andikisheni kaya moja moja tangu wiki ya kwanza, hata kama itachelewesha takwimu zenu, na kadi ashike mama wa kaya. Majina yafungwe kwa ufunguo, asiyapate jeshi, chama wala serikali yoyote bila idhini ya mwenye jina. Vipimo viwe wazi kwa kila mtu: mgao wa mwezi huu ni kilo ngapi za unga kwa kila kichwa, nani anastahili na kwa sababu gani, na mizani iwe mahali mpokeaji anapoweza kupima mwenyewe kabla ya kujitwika. Mgao ukishushwa, watu waambiwe miezi mitatu kabla, kwa Kiswahili, Kirundi na Kibembe, na anayewaambia awe mtu mwenye cheo anayeweza kuulizwa maswali. Vijiji vinavyozunguka kambi vihesabiwe katika bajeti ya maji, kuni na zahanati tangu siku ya kwanza. Na kila mkataba wa ununuzi unaozidi kiasi mtakachokubaliana na serikali uchapishwe, pamoja na bei yake.

Kwa Idara: soko la pamoja la Nyarugusu lifunguliwe, hata kwa siku moja ya wiki kwa kuanzia.

Mgao ujao, kabla lori la kwanza halijashusha, bandikeni kiasi cha unga, kunde na mafuta kwenye ubao wa kila kijiji cha kambi ya Nyarugusu. Bei mliyonunulia ibandikwe Mwaloni. Watu wa hapa wanajua kusoma, na wanasubiri.

Wenu katika kazi hii,
Mwandishi,
Mwanza